Mfalme Anasema na Nani? Kuchagua kati ya jukwaa na skrini katika tamthilia za kihistoria za Shakespeare

Mjomba wangu alikuwa na diski moja ya Henry V, ile ya Kenneth Branagh ya mwaka 1989, iliyokwaruzika hadi ikawa inaruka kila ikifika usiku wa kambini. Nilikuwa kidato cha tatu. Shuleni tulishasoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere, na kichwani mwangu Shakespeare alikuwa mtu wa Warumi na majambia. Jioni ile nikamwona mfalme kijana, uso umejaa tope, amebeba maiti ya mtoto begani, anavuka uwanja mzima wa vita huku askari mmoja akianza kuimba na wengine wakimpokea. Maneno mengi yalinipita. Nililia hata hivyo, na tangu hapo sijaacha kuwafuatilia hawa wafalme popote walipoigizwa.

Watu wanaojua ninavyozipenda tamthilia hizi huniuliza waanze na ipi, na huwa wanatarajia jina la filamu. Mimi huwauliza kwanza wanataka kusimama wapi. Tamthilia hizi zimejaa watawala wanaosema na watu: askari wenye njaa, walevi wa kilabuni, mabwana wanaopanga kuasi, raia wa London. Kila toleo linaamua wewe mtazamaji ni nani kati ya hao. Lipo linalokutia ndani ya umati, lipo linalokuleta sikioni pa mfalme, lipo linalokuacha mlangoni. Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia. Mavazi, farasi na umaarufu wa waigizaji hupendeza nusu saa ya kwanza, kisha jicho huzoea.

Kwanza zenyewe ni zipi. Mwaka 1623, miaka 7 baada ya Shakespeare kufariki, waigizaji wenzake walikusanya tamthilia zake katika kitabu kikubwa na kuzigawa mafungu matatu: za kuchekesha, za kihistoria na tanzia. Za kihistoria ni 10. Mbili kati yake, King John na Henry VIII, zinajitegemea. Nane zilizobaki ni mnyororo mmoja: Richard II, Henry IV sehemu mbili, Henry V, Henry VI sehemu tatu, na Richard III. Zinaanza na ugomvi wa mwaka 1398 na kuishia kwenye vita vya Bosworth, tarehe 22 Agosti 1485. Hakuziandika kwa mfuatano huo. Henry VI na Richard III ni kazi za ujana wake, mwanzoni mwa miaka ya 1590. Baadaye akarudi nyuma kueleza balaa lilianzia wapi, akaandika Richard II, kisha Henry IV, akamalizia na Henry V mwaka 1599. Kwa hiyo anayefuata mpangilio wa historia huanza na mkono uliokomaa na kuishia na mkono wa kijana. Si kosa, lakini ni vizuri kulijua kabla hujashangaa kwa nini Henry VI ina kelele nyingi zaidi ya zilizotangulia.

Asubuhi ya Agincourt

Pa kupimia ni hotuba moja. Ni tarehe 25 Oktoba 1415 huko Agincourt, Ufaransa, Waingereza ni wachache, wamechoka, wanaumwa matumbo, na Wafaransa wamewazibia njia. Mmoja wa wakubwa anatamani wangekuwa na watu zaidi. Mfalme anamjibu kwamba hataki hata mmoja wa kuongeza, na kwamba atakayemwaga damu pamoja naye siku hiyo atakuwa ndugu yake, hata awe mtu wa chini namna gani.

Laurence Olivier aliitengeneza filamu yake mwaka 1944, vita ikiwa bado inaendelea, na serikali ya Uingereza ilitaka kitu cha kuwapa watu moyo. Filamu inafunguka kwa kutunukiwa makomando na askari wa miavuli. Mapigano ya Agincourt yalipigiwa picha Powerscourt, Ireland, nchi ambayo haikuwa vitani, ndiyo maana wanaume na farasi walipatikana. Ili mfalme abaki msafi, Olivier alikata wasaliti watatu wanaokamatwa Southampton, akakata vitisho vikali vya mfalme kwa mji wa Harfleur, na akakata amri yake ya kuwaua mateka. Lakini angalia anavyoipiga picha hotuba yenyewe. Filamu nyingi husogeza kamera karibu kadiri sauti inavyopanda. Yeye anairudisha nyuma. Sauti inakua, mtu anapungua, na askari wanazidi kuingia kwenye picha mpaka unaona mfalme mmoja mdogo katikati ya watu wengi wanaomsikiliza. Olivier alikuwa mtu wa jukwaa, na alijua kwamba mwenye kusema kwa sauti kubwa anahitaji nafasi mbele yake. Filamu yenyewe inaanzia ndani ya Globe, ukumbi wa kampuni ya Shakespeare, mwaka 1600, waigizaji wakijipaka rangi nyuma ya pazia, kisha inatoka taratibu kwenda kwenye mandhari zilizochorwa kama vitabu vya kale, na ndipo inapofika kwenye nyasi na anga halisi. Sijaona filamu nyingine inayoeleza vizuri hivyo tofauti ya jukwaa na skrini bila kutamka neno.

Branagh alikuwa ameshaicheza nafasi hiyo Stratford mwaka 1984 na kampuni ya Royal Shakespeare, akiwa na miaka 23. Alipoongoza filamu yake alikuwa na miaka 28. Kwake mfalme anapanda juu ya mkokoteni, na kamera inakwenda kwenye nyuso: huyu anatabasamu, huyu anameza mate, huyu ameanza kuamini. Muziki wa Patrick Doyle unapanda chini ya maneno, na ni Doyle huyohuyo, amevaa kama askari, anayeanzisha wimbo baada ya vita. Branagh aliwarudisha wasaliti wa Southampton. Alifanya na jambo ambalo tamthilia inalitaja kwa maneno tu: anatuonyesha Bardolph, mlevi aliyekuwa rafiki wa mfalme enzi za ujana, akinyongwa mbele ya macho ya mfalme, na machozi ya mfalme hayamfutii hukumu. Hata hivyo ile amri ya kuua mateka, hata yeye aliiacha. Nampenda mno Branagh, lakini pale alipungukiwa ujasiri.

Toleo la tatu ni la mfululizo wa BBC uitwao The Hollow Crown, mwaka 2012, Thea Sharrock akiongoza na Tom Hiddleston akiwa mfalme. Hapa hotuba inasemwa kwa sauti ya chini, kwa kikundi kidogo cha wakuu waliomzunguka. Hakuna mkokoteni, hakuna umati. Wapo wanaoipenda kuliko zote kwa sababu inafanana na namna mtu aliyeogopa anavyosema na marafiki zake, na ni kweli Hiddleston ana macho yanayobeba usiku mzima aliokesha. Lakini mimi kila nikiitazama huwaza wale walio nje ya kile kikundi. Mfalme anasema mtu wa chini atakuwa ndugu yake, na mtu wa chini hayupo kusikia.

Sasa jukwaa. Mwaka 2003 ukumbi wa National Theatre wa London ulimpa Adrian Lester nafasi hiyo, Nicholas Hytner akiongoza, kwa mavazi ya kijeshi ya kisasa na magari ya jeshi jukwaani. Ulikuwa mwaka wa uvamizi wa Irak. Mfalme anayetafuta sababu za kisheria za kuvamia nchi ya watu hakuhitaji maelezo mbele ya hadhira ile. Faida hiyo filamu hainayo: jukwaa huigiza mwaka huu, na watu waliomo ukumbini wamesoma magazeti ya asubuhi ileile.

Kisha ipo Globe iliyojengwa upya kando ya mto Thames, iliyofungua msimu wake wa kwanza mwaka 1997 kwa Henry V hiihii, Mark Rylance akiwa mfalme. Uwanja wa mbele hauna viti wala paa, na watu 700 wanasimama. Maonyesho ya mwaka 2012, Jamie Parker akiwa Henry, yalirekodiwa, na rekodi hiyo ndiyo ninayompa mtu aliyekwisha kuona filamu moja. Mwanga wa mchana unawaangukia mwigizaji na watazamaji sawasawa. Mfalme anaposema "sisi wachache", anawaangalia watu wa kweli wenye makoti na mikoba, na nyuma yake unaona nyuso zao zikibadilika. Wamekuwa jeshi bila kuombwa.

Ukiniambia utatazama moja tu maishani, chukua Branagh. Ukiniambia mbili, ongeza Parker. Olivier mpe mtu anayeipenda sinema yenyewe na historia yake, naye atakushukuru. Hiddleston mwache mpaka umeshawafuata wahusika tangu Henry IV, maana nguvu ya Henry wake inatokana na mtoto wa mfalme tuliyemjua kabla.

Kilabuni na Falstaff

Henry IV ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ngumu kuchagulia. Mfalme amekaa ikulu na dhambi ya kumpindua binamu yake. Mwanawe Hal, ndiye Henry V wa baadaye, anashinda kilabu cha Eastcheap na mzee mnene, mwongo, mwoga, mwenye akili kali kuliko maprofesa: Sir John Falstaff. Kaskazini yupo Hotspur, kijana wa moto anayetaka vita. Shakespeare aliwafanya Hal na Hotspur rika moja ili wapambane kama mapacha. Ukweli ni kwamba Hotspur alikuwa mkubwa kwa umri hata kuliko Henry IV mwenyewe, na Hal alikuwa na miaka 16 tu alipopigwa mshale usoni kwenye vita vya Shrewsbury mwaka 1403. Sioni kosa katika uongo huo. Mwenye hadithi amepanga umri kwa ajili ya kidonda anachotaka kukigusa.

Orson Welles alizibana sehemu zote mbili katika filamu moja isiyofika saa mbili, Chimes at Midnight, aliyoipigia picha Hispania kwa rangi nyeusi na nyeupe na kuitoa katikati ya miaka ya 1960. Yeye mwenyewe ni Falstaff, Keith Baxter ni Hal, na John Gielgud ni mfalme mwenye sauti baridi kama jiwe la kanisa. Sauti ya filamu ni mbaya, tuseme ukweli: midomo na maneno havikutani, na usipowasha maandishi ya chini utapotea. Vumilia. Vita vyake vya Shrewsbury vinaanza kwa fahari, mashujaa wakishushwa juu ya farasi kwa kamba, kisha vinazidi kuwa vizito, vichafu na vya polepole, mpaka mwisho ni miili isiyo na majina inayogaragara kwenye tope. Filamu nyingi za vita zilizokuja baadaye zinaonekana kama zimekitazama kipande hiki.

Tena ipo siku ya kutawazwa. Falstaff anavunja mstari wa askari, anamwita mfalme mpya kama anavyomwita kijana wake wa kilabuni. Hal amempa mgongo. Anasema akiwa hajageuka: sikujui, mzee. Kisha anageuka, na kamera inakaa kwenye uso wa Welles. Unatarajia uchungu, nao upo, lakini ndani ya uchungu ule kuna kitu kama fahari ya mlezi anayeona mtoto wake amekuwa mfalme kweli. Nimeitazama mara nyingi na bado sijui kama Hal aliuona uso ule.

Toleo la Richard Eyre la mwaka 2012, ndani ya The Hollow Crown, lina Jeremy Irons kama mfalme na Simon Russell Beale kama Falstaff, aliyepata tuzo ya BAFTA kwa uhusika huo. Falstaff huyu ana huzuni tangu mwanzo, anajua ataachwa. Ni uigizaji wa hali ya juu. Ninachokidai ni hiki: Hal anapojisemea, pale anapotuambia kwamba anawajua walevi hawa wote na kwamba siku moja atawatupa, sauti yake inasikika juu ya picha huku mdomo umefungwa. Maneno yamegeuzwa kuwa mawazo. Na mawazo hayaniambii mimi kitu, nayasikia tu kama mtu anayepita dirishani.

Kaulinganishe na Globe ya mwaka 2010, Dominic Dromgoole akiongoza, Roger Allam akiwa Falstaff na Jamie Parker yuleyule akiwa Hal. Parker anakuja ukingoni mwa jukwaa na kuwaambia watu waliosimama, ana kwa ana, kwamba atawasaliti rafiki zake. Wao ndio walevi anaowaona. Wamecheka naye dakika mbili zilizopita. Ukimya unaoingia pale huwezi kuutengeneza studio. Na Allam anapouliza heshima ni kitu gani, kama inaweza kuunga mguu uliokatika, anawauliza watu wenye miguu iliyochoka kusimama, na wanamjibu kwa kicheko kinachompa nguvu ya swali linalofuata. Allam alipata tuzo ya Olivier, ile ya maigizo ya jukwaani, kwa nafasi hiyo. Falstaff anaishi kwa hadhira kama samaki kwa maji, na ndiyo sababu hapa nakiuka kanuni yangu ya kuanza na filamu: kwa Henry IV, anza na rekodi ya jukwaa, sehemu zote mbili. Kisha mtazame Welles.

Kwa sisi wa Kiswahili Falstaff si mgeni kabisa. Mwaka 2012 Globe ilikaribisha tamthilia 37 kwa lugha 37 kutoka pande zote za dunia, na kundi la Afrika Mashariki likapeleka Wanawake wa Heri wa Winsa, ile komedi ambamo Falstaff anajaribu kuwatongoza wake za watu wawili kwa barua moja. Falstaff alikuwa Mrisho Mpoto. Si tamthilia ya kihistoria, lakini mzee ni yuleyule, na aliyewahi kumsikia Mpoto akighani anajua kwa nini mtu wa namna ile alifaa: amezoea kuuliza swali na kungoja umati ujibu.

Mwenye kushuka kitini

Richard II ni mashairi matupu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Hakuna kilabu, hakuna vita inayopiganwa mbele yetu. Kuna mfalme aliyeamini kwamba Mungu amemweka, na binamu yake Bolingbroke, ndiye Henry IV wa baadaye, anayerudi kudai urithi na kuondoka na ufalme. Tukio kubwa ni kukabidhi taji. Lilikuwa tukio la hatari hata kuchapwa: matoleo ya kwanza ya kitabu yalitoka bila sehemu hiyo, ikaonekana mwaka 1608, Malkia Elizabeth akiwa ameshafariki. Na mwezi Februari 1601, siku moja kabla ya bwana mkubwa Essex kumwasi Malkia, wafuasi wake waliwalipa waigizaji wa kampuni ya Shakespeare waonyeshe tamthilia ya kupinduliwa kwa Richard. Waliamini kwamba watu wakiona mfalme anavuliwa taji jukwaani, watazoea wazo lenyewe.

Hapa ushindani ni wa wawili. Ben Whishaw, katika filamu ya Rupert Goold ya 2012, ni mwepesi, mweupe, kama sanamu ya mtakatifu inayobebwa kwenye maandamano. Kamera inampenda, na yeye anaijua. David Tennant, jukwaani Stratford mwaka 2013 chini ya Gregory Doran, ana nywele ndefu na ulimi mkali, na anacheka mahali ambapo Whishaw analia. Onyesho hilo ndilo lililofungua utaratibu wa kampuni ya Royal Shakespeare kurusha tamthilia moja kwa moja hadi kumbi za sinema. Jambo la ajabu ni kwamba matoleo yote mawili yalibadilisha muuaji. Katika maandishi anayemuua Richard ni bwana mmoja aitwaye Exton, tusiyemjua. Goold na Doran, kila mmoja kwa njia yake, walimpa kazi hiyo Aumerle, binamu aliyempenda Richard kuliko wengine. Kwa Tennant mabadiliko hayo yanauma zaidi, kwa sababu tulishawaona wawili hao wakikumbatiana juu ya ngome, Aumerle akitokwa machozi, mfalme akimbusu.

Nampa Whishaw nafasi ya kwanza hata hivyo. Richard hasemi na umati. Anasema na kioo, na Mungu, na majina ya wafalme waliokufa kabla yake, na kamera ya karibu inamfaa mtu wa namna hiyo. Aliyelelewa kwenye tenzi, akazoea kusikiliza mstari kwa mizani yake kabla ya kuuliza maana, atakuta sikio lake limeshaandaliwa. Mwenye hamu ya kusikia mashairi tu, bila mapambo, amtafute Derek Jacobi katika toleo la BBC la 1978, Gielgud akiwa mzee Gaunt, baba yake Bolingbroke, anayekufa kwa kuililia nchi yake. Picha zimezeeka, sauti hazijazeeka.

Mwovu anayetuita kando

Richard III hana taabu ya kuchagua anasema na nani. Anasema na wewe. Tangu sentensi ya kwanza anakushika mkono na kukueleza mpango wa mauaji, na ukija kushtuka umeshakuwa mshirika.

Olivier, mwaka 1955, anaitembelea kamera kama mtu anayefunga mlango ili mzungumze faragha. Filamu ni ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, na majumba yake yanafanana na maboksi yaliyopakwa rangi, lakini yule mtu mwenye pua ndefu na sauti kama wembe hasahauliki.

Ian McKellen, mwaka 1995, katika filamu ya Richard Loncraine iliyotokana na onyesho la National Theatre, amepelekwa kwenye Uingereza ya kubuni ya miaka ya 1930 iliyoingia mikononi mwa mafashisti. Anaanza hotuba maarufu kwenye kipaza sauti, mbele ya wageni wa sherehe, maneno ya furaha na ushindi. Katikati kamera inamfuata chooni, na nusu ya pili, ile yenye sumu, anaisema akiwa peke yake mbele ya kioo, mpaka anatuona ndani ya kioo kile na kutugeukia. Hotuba moja imekatwa pale hasa inapokatika: hadharani na sirini. Nikitaka kumwonyesha mtu asiyempenda Shakespeare kwamba huyu ni mwandishi wa siasa anazozijua, namwekea dakika 10 za mwanzo za filamu hii. Ni saa moja na dakika 44 tu, haili bando lako lote, na mtu wa miaka 15 anaielewa. Maggie Smith ni mama yake Richard, na laana anayomwachia mwanawe inaganda chumbani.

Benedict Cumberbatch, katika The Hollow Crown ya mwaka 2016, anaanza bila shati ili tuone uti wa mgongo uliopinda. Mifupa ya Richard wa kweli ilikuwa imepatikana Leicester mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari, na uti wake ulikuwa umepinda kweli. Uigizaji ni mzuri na wenye maumivu, ila unapendeza zaidi kwa aliyemwona Richard huyu katika filamu iliyotangulia. Ukichukua moja tu, chukua McKellen.

Henry VI hupewi mara nyingi, nami sitakudanganya kwamba ni ya kuanzia. Filamu za 2016 zilizibana sehemu tatu kuwa mbili, na sababu ya kuzitazama ni Sophie Okonedo kama Malkia Margaret, mwanamke anayeingia akiwa binti mateka na kutoka akiwa amepigana vita vya wanaume wote. Jukwaani, kampuni ya Royal Shakespeare ilimpa David Oyelowo nafasi ya Henry VI mwaka 2000, mweusi wa kwanza kucheza mfalme wa Uingereza katika kampuni hiyo. Lakini aliye na subira amtafute Jane Howell, aliyeziongoza sehemu zote tatu na Richard III kwa ajili ya BBC, zikaonyeshwa mwaka 1983. Mandhari ni mbao zilizopakwa rangi kama uwanja wa michezo wa watoto, na kadiri vita vinavyoendelea mbao zinaungua, zinachakaa, rangi inakwisha. Richard III yake peke yake inakaribia saa nne, na mwisho wake ni lundo la maiti na mwanamke anayecheka juu yake. Gawanya kwa usiku nne.

Wapo watakaokushauri The King ya mwaka 2019, yenye Timothée Chalamet. Ni filamu nzuri ya tope na panga, lakini haina maneno ya Shakespeare, na imemgeuza Falstaff kuwa mpanga mikakati anayefia vitani Agincourt. Katika tamthilia Falstaff anafia kitandani, hatumwoni, tunasimuliwa na mama mwenye kilabu aliyempapasa miguu akaikuta baridi kama jiwe. Siwezi kubadilishana maneno yale kwa panga hata mia.

Kwa aliyeko Uingereza neno langu ni fupi: nenda Globe ukasimame. Tiketi ya kusimama iliuzwa pauni 5 kwa miaka mingi na bado ndiyo nafuu kuliko zote. Vaa viatu vya kutembea umbali mrefu, beba koti la mvua, na fika mapema ushike ukingo wa jukwaa. Kwa aliyeko mbali, rekodi za Globe zinauzwa na kukodishwa mtandaoni na ukumbi wenyewe. Soma muhtasari wa kisa kabla, usione haya, maana hata watazamaji wa mwaka 1599 walikuwa wanajua nani atashinda Agincourt.

Na ukimaliza Henry IV ya Globe, usizime. Mwishoni, kama desturi ya ukumbi ule, ngoma inaanza, na waigizaji wote wanaingia kucheza. Hotspur uliyemwona akikata roho anainuka na kucheza na Hal aliyemuua, na watu 700 wanawapigia makofi ya kufuata mdundo.